Gogo la Mgomba Chini ya Mchanga

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya vilima vya Magwagwa, na Ogoti alikuwa bado hajalikaza hema. Sabato ilikuwa mlangoni. Jua likishazama, hakuna kigingi kitakachogongwa. Lakini kisiwa kile chembamba, kilicholala mithili ya ngao kati ya mkondo wa mto Sondu na ukingo, kilikuwa mchanga mtupu. Kila kigingi alichokichomeka, upepo wa mtoni ulikichomoa.

"Funga kamba kwenye kitu kizito, tukifukie," alisema rafiki yake, Duke.

"Kitu gani?"

"Si hili hapa?" Akalipiga teke gogo la mgomba lililowabebea mizigo majini walipovuka.

Ogoti alisita. Jacinta, mama mlinzi wa kambi, alikuwa amewaonya kivukoni: "Pikeni, ogeleeni, imbeni. Ila msifukie chochote mchangani. Hata ganda." Walidhani anazungumzia takataka.

Wakachimba. Wakalilaza gogo, refu kama mtu, wakalifunga kamba ya hema, wakalifunika. Mchanga ukafanya tuta. Phanice, dada pekee wa Ogoti, alilitazama akacheka. Mama yao alikuwa amemkabidhi kwa kakake kwa maneno matatu tu: "Mrudishe kama alivyo."

"Duke, wewe umechimba kaburi!"

Wote watatu walijua anachokisema. Kijijini kwao, mtu akimezwa na mto asionekane tena, huzikwa gogo la mgomba badala yake, na jina lake hutajwa juu ya udongo ili atulie.

Duke alivua kofia, akakunja uso kama mzee wa kanisa. "Ndugu waombolezaji, huyu ni Phanice, binti Obwocha. Alipenda chapati kuliko wokovu. Lala, Phanice."

"Mjinga wewe! Siku nikifa utalia kuliko ma..."

Kicheko chake kikakatika.

"Ogoti... miguu yangu imekuwa baridi."

Jua likazama.

Walipoimba kuikaribisha Sabato, Phanice hakuimba. Aliingia hemani akajifunika blanketi. Duke alisinzia kando ya makaa. Ogoti akaenda kuketi karibu na dada yake. Humo ndani mlikuwa na harufu ya tope... na ya mgomba uliokatwa sasa hivi.

Kamba ikavutwa.

Si upepo. Upepo ulikuwa umelala. Kamba ilivutwa kutoka chini, ikalegea, ikavutwa tena.

"Ogoti... mbona mmenifukia?"

Ilikuwa sauti ya Phanice. Ilitoka mchangani.

Lakini Phanice alikuwa hapa, kando yake. Aliligusa bega lake juu ya blanketi. Lilikuwa laini, lenye majimaji.

"Usitoke, kaka," blanketi lilinong'ona. "Huyo si mimi."

"Mchanga unaniingia mdomoni..."

Ogoti akawajaribu: "Mama aliniambia nini tulipoondoka?"

"Mrudishe kama alivyo."

Walijibu wote wawili. Pamoja.

Kisha yule wa chini akaanza kukohoa, na kila kikohozi kikawa hafifu kuliko kilichotangulia. Wa hapa, angalau, alikuwa anapumua. Ogoti aliruka nje, akamwamsha Duke kwa ukelele, wakachimba kwa kucha. Mkono ukamshika Ogoti kifundo cha mkono. Wakavuta... akatoka Phanice, nywele zimejaa mchanga, anatapika, ana joto. Ana joto!

Hemani, chini ya blanketi, lilikuwepo gogo la mgomba likichuruzika maji.

"Nyasae!" Duke alilia, akimwita Mungu kwa lugha ya mamake. Walilibiringisha hadi mtoni, wakalisukuma kwa miguu. Lilipoguswa na mkondo, Ogoti alisikia mtu akivuta pumzi, kwa nguvu, kama anayetaka kuita.

Hakumwambia Duke.

Alfajiri Jacinta alikuja na mtumbwi. Aliliangalia shimo, na alama za kitu kilichobiringishwa hadi mtoni.

"Mlitaja jina?"

Duke aliinamisha kichwa.

"Kuna msichana alizikiwa gogo hapa, mto ulipokataa kumrudisha. Mafuriko yakalifukua. Tangu hapo anatafuta jina la mtu aliye hai. Na usiku, mmetupa nini majini?"

"Gogo tu, mama," alisema Ogoti.

Jacinta alimtazama Phanice, akatazama mto. Akashika kasia, akawavusha hadi ng'ambo.

Jumapili, jikoni, mama yao alikuwa akimenya ndizi mbichi pamoja na Phanice. Mama alikuwa na furaha. "Umenirudishia kama alivyo," alimwambia Ogoti.

Kisu kikateleza, kikamkata binti kidole.

Phanice hakulia. Alikifuta kidole kwenye aproni yake nyeupe, akaendelea kumenya. Ogoti alikodoa macho, akingoja wekundu wa damu. Kitambaa kilibaki cheupe. Kisha, polepole, doa likajitokeza... la kahawia.

Mama aliliona, akacheka. "Hiyo aproni umeiharibu, binti yangu. Utomvu wa ndizi huo. Hautoki."

Phanice aliinua uso, akamkazia kakake macho yasiyopepesa.

"Hautoki," alisema.