Sauti, Sura au Mwendo

Nilikuwa nafunga madirisha ya chuo Jitendra aliponikuta. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika, barabara ya Kisii inanuka udongo na maganda ya ndizi, na wanafunzi wangu wa kompyuta walikuwa wameshatawanyika. Jitendra alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Yeye na familia yake walikaa juu ya duka hilo hilo.

"Mwalimu," alisema, "kompyuta ya nyumbani inasumbua. Ile gemu. Picha inakwama, sauti inakatika. Kuja uangalie kidogo kabla giza haijaingia."

"Si kijana wako Abhishek anaijua?"

"Abhishek amerudi Nairobi. Amesema yeye hawezi tena."

Sikuuliza hawezi nini. Mwaka huo, wa tisini na tisa, nilikuwa simuulizi mtu kitu. Malaria ya mwezi wa sita ilikuwa imemchukua Nyasani, mwanangu wa pekee. Tangu tumzike kwetu Ekerenyo, mwili wangu wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii. Nilifundisha. Nilikula. Watu waliponipa pole niliwashukuru. Chozi halikutoka hata moja, na watu wa kwetu walikuwa wameanza kunong'ona juu yangu.

Nilichukua mkoba wangu nikamfuata.

Alifungua mlango wa ngazi kando ya duka, akasimama pale chini.

"Hupandi?"

"Wewe panda tu. Mke wangu yuko."

Hakuniangalia machoni.

Ngazi zilikuwa na giza. Nilisikia harufu ya ubani... na chini ya ubani, harufu nyingine. Nywele zilizoungua.

Chandrakala, mkewe, alinifungulia kabla sijabisha. Nilimfahamu kama mama mwenye sauti kubwa, anayekupimia kitambaa huku akikutania. Jioni hiyo alinong'ona.

"Karibu, Mama Nyasani. Ingia pole pole."

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mwanga ulitoka kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, mwanga wa buluu unaochezacheza ukutani. Mbele yake, kwenye kiti, alikaa msichana mdogo mwenye nywele ndefu. Juu ya meza kulikuwa na gilasi ya maziwa.

"Huyu ni Chandni," mama yake alisema.

Nikamsalimia mtoto. Hakugeuka.

Nikavuta kiti nikaketi kando yake. Kwenye skrini kulikuwa na mbweha mdogo anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe kuvuka mto. Alikuwa akiruka vibaya. Yuko ng'ambo hii, mara yuko ng'ambo ile, na hujamwona hewani. Muziki ulikuwa unapasuka kama mahindi kwenye kikaango.

Kazi hiyo niliijua. Gemu hiyo haikutengenezewa kompyuta. Ilitengenezewa mashine ndogo ya kuchomekwa kwenye televisheni, na Abhishek alikuwa ameleta programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine. Inaiga. Lakini kuiga kunataka nguvu, na kompyuta ile ilikuwa ya zamani. Ikielemewa, programu huruka baadhi ya picha ili isibaki nyuma.

Mtoto akanywa maziwa.

Mkono wake ulikuwa mezani. Kisha ulikuwa mdomoni.

Hapo katikati hapakuwa na kitu.

Nilipepesa macho. Nikajiambia ni ule mwanga. Nikafungua mipangilio, nikaiambia programu iache kuruka picha.

Mbweha akaanza kuruka vizuri. Na kando yangu, taratibu, kama mtu wa kawaida kabisa, yule mtoto akageuza shingo akaniangalia.

Midomo yake ikafunguka. Ikafunga.

Kisha ndipo sauti ikaja... "Naa... ma... ste..." Ilikatikakatika na kukwaruza, kama redio iliyopotea stesheni.

Niliinua macho kutoka usoni pake nikaona picha ukutani. Sura ile ile, nywele zile zile. Picha ilikuwa imevishwa shada la maua ya manjano. Nimekaa na Wahindi wa Kisii maisha yangu yote. Najua picha ya mtu huvishwa shada lini.

Nikakumbuka kwamba duka lao lilifungwa siku kadhaa msimu ule wa malaria. Sikuwa nimeuliza nani amekufa.

Nilipaswa kukimbia. Nililijua hilo. Niliingojea hofu kama unavyomngojea mgeni aliyesema anakuja. Haikuja.

"Mama Chandni," nikanong'ona, "hiki ni nini?"

Alipiga magoti akavuta ubavu wa kompyuta. Haukuwa na skrubu. Ndani, karibu na feni, palikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gome la mgomba. Nywele nyeusi zilichungulia nje, ncha zake zimekunjamana kwa joto. Ile harufu ilitoka hapo.

"Kuna mama mmoja, mganga wa Nyaramba," Chandrakala alisema. "Usiniulize jina. Nilimwambia nirudishie mtoto. Akasema hakuna dawa ya kurudisha mtu. Iko ya kuiga tu. Zamani walitumia shina la mgomba. Linashika sura kidogo, lakini haliwezi kutembea, haliwezi kusema. Akaniuliza, nyumbani kwenu kuna kitu kinajua kuiga kuliko mgomba?"

Feni ilizunguka. Kifurushi kikatikisika.

"Ulimjibu?"

"Chandni alikuwa anapenda hii gemu." Akalirudisha bati mahali pake kwa upole, kama anayefunga kifungo cha nguo ya mtoto. "Abhishek alipomwona alitoroka. Baba yake hapandi hapa, analala dukani. Lakini wewe ni mama, na unajua mashine. Tafadhali. Hivi alivyo anaumia. Anakwama."

Nilirudi kwenye mipangilio.

Watu wameniuliza kwa nini. Wachungaji wameniuliza, na mume wangu pia kabla hajaacha kuuliza kabisa. Kulikuwa na mtoto amekwama na mimi nilijua pa kubonyeza.

Sauti ilikuwa inakatika kwa sababu picha zilikula nguvu zote. Nikapunguza picha. Nikashusha ukubwa wake, nikapunguza rangi. Muziki ukaanza kutulia. Mbweha akawa na kingo za mrabamraba.

Chandrakala akanishika mkono kwa nguvu.

"Usipunguze sura!"

Nikageuka.

Kope za mtoto hazikuwepo. Ule mstari kati ya mdomo na shavu haukuwepo. Pua ilikuwa inazama. Uso wake ulikuwa vipande, vipande vikubwa vya rangi moja moja, kama ukuta uliopakwa rangi na mtu mwenye haraka. Macho mawili meusi tu ndiyo yaliyobaki, na yalikuwa yakimtazama mama yake.

Nikarudisha sura. Kope zikaota. Na papo hapo mkono wake ukaganda juu ya gilasi.

Nikajaribu tena. Nikaongeza hiki, nikapunguza kile. Nikafunga programu nyingine zote. Kila nilipompa mwendo, sauti ilipasuka. Nilipompa sauti, sura ilimomonyoka. Nilipompa sura, aligeuka sanamu. Jasho lilinitiririka mgongoni. Huko nje muuza chapati alikuwa akicheka na mtu, na kicheko chake kilisikika kama cha nchi nyingine.

"Mashine haina nguvu ya vyote vitatu," nilisema mwishowe. "Tunaweza kumpa vizuri kimoja tu."

"Kimoja?"

"Sura, mwendo, au sauti. Lazima uchague."

Chandrakala alikaa chini. Alimtazama mtoto, akaitazama picha yenye shada. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia.

"Wewe ungechagua nini?"

Sura ya Nyasani ninayo, kwenye picha ya shule. Mwendo wake naujua, maana alitembea kama babu yake Makori, na Makori yu hai, namwona kila nikienda nyumbani. Lakini jioni ile, katika chumba kile, nilitafuta sauti ya mwanangu kichwani... nikakuta hakuna. Miezi michache tu, na ilikuwa imekwisha kutoka.

"Sauti," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuzima taa ya ukumbini iliyopenya mlangoni, ili tusiuone uso ukimomonyoka. Mimi nikaishusha picha hadi mwisho. Skrini ikawa ukungu wa kijivu usiomulika kitu. Nguvu yote nikaipa sauti.

Giza.

Feni. Harufu ya nywele. Kiti kikalia karibu na goti langu.



Kisha, sauti safi kabisa, ya mtoto aliyetoka kuamka:

"Ba... ba."

Mwili wangu ukarudi wote kwa mara moja, kama damu inavyorudi mguuni, kwa sindano.

Sisi Wagusii tunamwita mama yetu baba. Hilo ndilo neno. Nyasani alikuwa akiliita kutoka getini kila akirudi shule, na kulivuta hivyo hivyo, kama limekatwa vipande viwili. Mtoto wa Kihindi aliyesoma shule ya mjini angelijulia wapi?

Nyumbani tulifundishwa tangu utoto: ukiitwa na usimwone anayekuita, usiitike. Subiri akuite tena. Subiri amtaje mtu wako, ataje kitu anachokijua yeye tu. Maana ukiitika, umefungua mlango.

Niliitika.

Na katika pumzi ile ile, kando yangu gizani, Chandrakala naye akaitika kwa Kigujarati, kwa kilio. Baadaye ndipo nilipojua kwamba katika nyumba yao mama huitwa Ba. Ba tu. Mtoto akimwita mara mbili...

Sote wawili tuliitika.

Kitu kidogo cha baridi kikashika kidole changu.

Hapo ndipo feni ilipokoma. Skrini ikafa. Taa za nje ya pazia zilikuwa zinawaka bado, kwa hiyo stima ya mji haikuwa imepotea. Ilikuwa imepotea kwetu tu.

Chandrakala akapiga ukelele. Nilishuka ngazi nikipapasa ukuta. Chini nilimkuta Jitendra amesimama kando ya swichi kubwa ya nyumba, mkono wake ukiwa bado umeishikilia. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nilisikia," alisema. "Nilisikia anaongea. Mwalimu, nilifikiri utashindwa. Nilikuita ili ushindwe, halafu mama yake akubali kwamba amekufa."

Nilishika mlango ili nitoke.

"Mimi niliwasha ule moto wa kuchoma mwili wake, kwa mkono wangu. Mimi baba yake. Nilikaa mpaka mwisho, nikaona." Alifuta pua kwa kiganja. "Sasa nipande hizo ngazi nimkute amekaa anakunywa maziwa?"

Nilivuka barabara. Nilitembea hadi nyumbani. Kidole changu kilikuwa baridi, na nilikishika kwa mkono mwingine njia nzima. Sijui kama nilikuwa nakipasha joto au nilikuwa nakizuia kisiniponyoke.

Usiku huo nililia kwa mara ya kwanza. Mume wangu alishukuru Mungu. Asubuhi ganzi ilikuwa imerudi.

Siku chache baadaye Chandrakala alikuja chuoni. Wanafunzi walikuwa wameondoka. Alisimama mlangoni na kanga iliyolowa mvua kichwani.

"Nirudishie," alisema.

"Nikurudishie nini, Mama Chandni?"

"Jitendra aliwasha stima tena usiku ule ule. Nilimlazimisha. Kompyuta iliwaka, gemu ilifunguka, mbweha anaruka. Kiti ni tupu. Tangu hapo ni tupu." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Wewe uliitika. Amekufuata."

"Hakuna mtu hapa. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Alitazama madawati, kompyuta zilizofunikwa vitambaa, ubao. Kisha macho yake yakaja kwenye benchi niliyokuwa nimekalia, yakatua kando yangu, pahali patupu. Yakakaa hapo.

Uso wake ukalegea.

Akaja polepole, akaketi mwisho ule mwingine wa benchi. Akaacha nafasi katikati.

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia kwamba kama kuna mtu hapo, basi ni wangu, aliniita kwa lugha yangu. Nilipomtazama nikaona kwamba naye anataka kuniambia vivyo hivyo. Tukakaa mpaka giza likaingia, kisha akainuka akaenda kwake.

Sasa huja jioni nyingi. Jitendra humsindikiza hadi chini na kumngoja barabarani. Hatuongei sana. Nimewakataza wanafunzi hata kuvuta benchi ile, ingawa kusema kweli hakuna aliyewahi kuikalia. Wanabanana kwingine, wanaiacha, wala hakuna anayejua kwa nini.

Hatumwiti. Kila mmoja wetu anaogopa yule mtoto ataitika kwa jina la nani.

Lakini baadhi ya jioni, tukiwa tumenyamaza vya kutosha, ubao wa benchi katikati yetu hulia kidogo... kama mtu mwepesi amejisogeza.

Sijui amejisogeza upande gani. Mimi natazama mbele. Chandrakala naye anatazama mbele.