Picha Aliyoikataa Noela

"Dada, kamera hiyo au bomba la maji?"

Noela aligeuka. Kivuko cha Kamanga kilikuwa kinashusha magari, mbuzi na matenga ya nyanya, na katikati ya vurugu hiyo kijana wa shati la drafti alikuwa akiicheka lenzi yake ndefu.

"Ni ya kuvutia wambeya karibu," alimjibu.

"Basi nivute!"

Huyo ndiye Mihayo, mwenye mtumbwi. Alikijua kisiwa cha mawe ambako furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, alikuwa analea kifaranga juu ya mti. Noela alikuwa na kibali cha Maliasili, pamoja na oda ya kalenda kutoka kwa tajiri wa hoteli mpya mjini. Yeye na Mihayo wakawa wanajibanza mbali, kwenye mawe, wananong'ona. Mapenzi yakaanzia humohumo.

Tatizo tawi moja. Lilikiziba kiota.

"Tusogee kidogo, mpenzi," Mihayo alimbembeleza.

"Thubutu! Mama akishtuka akaruka, mtoto ataungua jua."

Lo, mwanaume akipenda! Asubuhi moja Mihayo alitangulia na panga, akalikata.

"Nimekufungulia njia, malkia wangu!" alimwambia Noela alipofika.

Kifaranga kilikuwa kinatweta juani, mama yake anazunguka angani akilia.

"Umemwezulia paa mwenye mtoto mchanga!" Noela alifoka, machozi yanamtoka. "Tuondoke hapa upesi. Na usinitafute tena!"

Wiki ile ilimwuma. Kisha simu ya studio yake, pale Mkuyuni, ikalia.

"Noela, usikate. Mama wa kifaranga alirudi siku ileile. Niko mbali kwenye mawe kila siku, nawazuia watu wasisogee. Jua likiwaka anamtandazia mwanawe mabawa. Nisamehe, malkia wangu. Njoo na kamera."

Yule tajiri wa hoteli alikuwa ameketi hapohapo, akasikia yote. "Hiyo ndiyo picha yangu! Nenda!"

"Picha iliyofunguliwa kwa panga sipigi."

"Utakufa njaa, binti."

"Nife. Mlango ule pale, mzee."

Alivaa gauni lake jekundu, akavuka. Mihayo alimpokea kivukoni, amekonda, macho mekundu kwa jua.

"Kamera iko wapi?"

"Nyumbani. Mwakani tawi litakuwa limechipua, nao ndege watarudi mti uleule. Nitapiga wakati huo."

"Na mimi mwakani nitakuwa wapi?"

"Kwangu, umenioa. Panga utaliacha kwa mama yako. Unabisha?"

Mihayo alicheka, akaushika mkono wake mbele ya kivuko kizima. "Nibishe nina wazimu?"