Kichocheo Hakiliwi: Magunia Niliyofungiwa Nayo Kibaha

Wewe hapo. Ndiyo, wewe unayesoma.

Umeshaanza kupandisha kidole upite, si ndiyo? Umeona neno "magunia" ukasema ah, mambo ya wazee haya.

Nakujua. Picha ya harusi unasimama, unatia na kopa. Mtu akipiga kelele kuhusu maji ya kunywa, unapotezea. Nimekuona miaka yote ukigeuza uso.

Leo hupiti. Kaa hapo!

Kufuli liligonga bati kwa nje... kra!

"Lukasi! Kaka yangu Lukasi, usinifungie humu! Nifungie chooni, nifungie popote, si humu!"

"Amri ya mzee Husseini, dada. Gari la kukupeleka mjini likija utatoka."

"Litakuja lini?"

"Likipata petroli."

Akacheka peke yake. Lukasi alikuwa mgambo wa getini, mtu wa Magindu, hakuwa mbaya. Alikuwa anatii tu. Watu wa kutii tu wamenitesa kuliko wabaya.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Oktoba 1983. Ule mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, mliokuwepo mnaujua. Mtu alikuwa anatupa sabuni zake chooni kwa woga.

Nikageuka. Stoo ya bati juu mpaka chini. Kidirisha kimoja cha kupitisha paka, juu kabisa. Na mbele yangu magunia meusi thelathini na mawili, yamepangwa mpaka kifuani.

Hayajamwagiwa maji tangu jana asubuhi.

Jamani... nilijikojolea.

Ngoja niwaeleze, msije mkasema bibi anakuza mambo.

Kiwanda chetu kilikuwa kando ya barabara ya Morogoro, ukiacha Maili Moja unaelekea Mlandizi. Jina silitaji, kimeshakufa. Tulikuwa tunageuza mafuta ya pamba, yale majimaji, kuwa mafuta ya mgando ya kupikia.

Yanageukaje? Unayatia kwenye tangi la chuma, unayapasha moto, unasukuma gesi ya haidrojeni. Lakini gesi peke yake itakaa humo mpaka mwakani, mafuta yanaitazama tu. Lazima utie unga mweusi wa nikeli, kidogo tu. Hapo ndipo yanapokubali!

Yakishageuka unayapitisha kwenye vitambaa vya mtambo wa kuchuja. Mafuta yanapita. Unga unabaki.

Kazi yangu ilikuwa pale kwenye vitambaa. Nakwangua ule uji mweusi, natia kwenye magunia.

Na ule uji ni mnafiki. Ukiwa na maji, umelala. Ukikauka ukakutana na hewa, unajipasha wenyewe... unajipasha... unawaka. Bila kiberiti!

Mimi Mwamvita sikukaa darasa la mtu. Nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima kule Mlandizi, basi. Mengine niliyatafuta kwa kucha. Injinia wetu, Didas, kijana aliyesomeshwa ng'ambo, aliniazima kitabu chake cha Kiingereza kisicho na jalada. Nilikuwa nakisoma saa ya chakula, kamusi pajani, wenzangu wananicheka.

"Mwamvita anataka uwaziri!"

"Mwacheni, atatutengenezea mafuta ya kujipaka na akili!"

Injinia alikuwa anaiita ile nikeli katalisti. Nikamwambia, Injinia, hilo neno limekaa kama jina la mbwa. Kwetu moto wa kuni tunauchochea. Mwite kichocheo.

Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Andika! Andika yote kwa Kiswahili, mimi nitasahihisha."

Nikaandika. Daftari zima. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akaniandikia "Vizuri sana."

Kumbukeni hiyo kalamu nyekundu.

Mwaka ule fedha za kigeni zilikuwa hazipo, nikeli mpya ikawa haiji. Injinia akasema tusitupe ule uji, tuuweke, atafanya utafiti wa kuurudishia nguvu. Ndiyo magunia yakajaa stoo. Na kwa vile mimi ndiye niliyejua tabia yake, kila asubuhi na kila mchana nilikuwa nayamwagia maji.

Mzee Husseini, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi pale kiwandani, akaniona.

"Ndugu Mwamvita. Maji ya bomba hayatoki wiki ya pili. Watu wanagombania ndoo. Wewe unamwagia magunia ya umma?"

"Shikamoo, mzee. Yakikauka yatawaka."

"Marahaba. Yatawaka yenyewe?"

"Yenyewe."

Akanitazama kama ananunua mbuzi mgonjwa. Akaagiza kabati langu lipekuliwe.

Wakatoa daftari.

Asubuhi ya ile Jumamosi wakanisimamisha ofisini. Mzee Husseini mezani, Lukasi mlangoni, Injinia Didas kwenye kiti cha dirishani.

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

Nikasoma:

"Kichocheo ni kidogo. Kikiingia katikati ya vitu vilivyotulia, vinaanza kubadilika. Chenyewe hakiliwi. Kazi ikiisha kinatoka kama kilivyoingia, tayari kwa kazi nyingine."

Akaninyang'anya daftari.

"Vitu vilivyotulia," mzee Husseini akasema polepole. "Ni akina nani?"

"Ni mafuta, mzee."

"Tayari kwa kazi nyingine. Kiwanda gani kingine mnakusudia?"

"Mzee, ni nikeli!"

"Usinikatize. Hapa umeandika: bila joto na shinikizo hakuna mageuzi. Mageuzi gani, Ndugu Mwamvita?"

"Ya majimaji kuwa mgando!"

"Unanifanya mimi mtoto. Kichocheo! Anayechochea anaitwa nani kwa Kiswahili? Lukasi?"

"Mchochezi, mzee."

"Umesikia? Hata mgambo anajua."

Nikamgeukia Injinia. Nilikuwa natabasamu, wallahi! Nilijua limekwisha. Neno moja tu kutoka kwake: hii ni kemia, mzee.

"Muulizeni Injinia! Yeye ndiye aliyesahihisha. Hiyo nyekundu ni kalamu yake!"

Injinia Didas akageuza uso akatazama dirishani.

Nje hakukuwa na kitu. Nilimfuata macho, palikuwa na pipa tupu na kuku mmoja.

"Mimi," akasema, "hilo daftari sijawahi kuliona."

Hivyo ndivyo nilivyofika stoo.

Sasa mnanielewa?

Saa tano bati likaanza kulia kwa jua. Tak... tak... Nikapapasa magunia ya juu. Yamekauka kama mkate wa jana. Nikatia mkono katikati ya rundo nikautoa haraka. Moto!

Nikakimbilia mlangoni.

"Lukasi! Maji!"

"Ya kunywa au ya kumwagia magunia?"

"Ya magunia!"

"Dada, wewe huachi! Ndicho kilichokufunga hicho!"

"Lukasi, kuna moshi humu!"

"Una kiberiti?"

"Sina!"

"Basi hakuna moshi."

Niliyapiga yale mabati mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Maziwa yakaanza kunichuruzika, gauni lote likalowa. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane, Mwanaamina, nimemwacha kwa mama yangu Mlandizi. Saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika. Mwili wangu ulijua saa kuliko mimi.

Nikasema, leo mtoto huyu anabaki yatima kwa sababu ya neno moja.

Gunia la chini likatoboka. Ndani kulikuwa na jicho jekundu... linapumua.

Hapo akili ikaniambia: Mwamvita, maji huna. Lakini huu moto unakula nini? Unakula hewa. Mnyime hewa!

Kwenye kona kulikuwa na magunia ya udongo mweupe, ule unaochimbwa vilima vya Kisarawe. Tulikuwa tunausafishia mafuta. Mkavu, laini kama unga wa sembe.

Nikapasua gunia la kwanza kwa meno.

Nikamwaga. Nikapasua la pili. Nikamwaga. Vumbi linaniingia kooni, macho hayaoni, napapasa palipo na joto nafukia, napapasa tena nafukia. Sijui nilipasua mangapi. Kila nikifukia hapa, kule kunafuka. Nilikuwa kama mtu anayemzika maiti asiyekubali kufa.

Mpaka pakatulia.

Nikalala juu yake. Joto lilinichoma tumbo kupitia ule udongo, sikuondoka. Nilikuwa kifuniko.

Alasiri mlango ukafunguliwa. Lukasi akaniona nimesimama, mweupe kuanzia nywele mpaka kucha, macho mekundu.

"Yesu na Maria!"

Akatupa rungu akakimbia mpaka getini!

Mzee Husseini yeye hakukimbia. Aliangalia rundo, akaangalia magunia yaliyopasuliwa, akatoa kalamu.

"Na udongo wa umma umeumwaga," akasema. "Hilo la pili."

Niliokoa kiwanda chao, wakaniongezea shitaka!

Sasa. Majirani zangu wa Kwa Mathias, hapa Kibaha, hadithi hii mnaijua. Nimewasimulia dukani, nimewasimulia msibani. Na kila nikifika hapa huwa namalizia hivi: Jumatatu wakaniachia, kwa sababu ukweli ulijulikana.

Ni uongo.

Nimewadanganya miaka arobaini na ushee.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Biasha, binti wa Mwanaamina, alikuja anarukaruka.

"Bibi! Nimepata kiwanja Kisarawe! Bonde zuri, maji yako karibu, tuko kumi na mmoja tunachimba kisima kimoja. Ona picha!"

Nikavaa miwani.

Biasha amekaa juu ya chuma cha kutu, anacheka. Nyuma yake ukingo wa udongo mweupe wenye michirizi mitatu.

Simu ilinidondoka.

Kile chuma ni rimu ya lori. Najua, kwa sababu aliyeisimika pale ni mimi.

Ile Jumamosi jioni Injinia Didas alinijia. Hakunitazama usoni.

"Mwamvita, nisamehe. Nina wazazi wazee. Nimeongea na mzee Husseini. Makao makuu wakijua magunia yalitaka kuunguza kiwanda, mimi nimekwisha, na yeye mlinzi wa kiwanda amekwisha. Kuna lori kesho. Yazike Kisarawe, mahali nitakapokuonyesha. Ukinyamaza, daftari linachomwa. Hakuna kesi."

"Ule ni mkondo wa maji, Injinia. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nikeli kwenye maji ni sumu."

"Nani atakaa kule? Ni pori."

"Na nikikataa?"

"Gari la mjini limeshapata petroli."

Maziwa yalikuwa yananichuruzika, jamani.

Nikasema ndiyo.

Jumapili mchana, jua kali, nilichimba mimi na Lukasi. Tuliyalowesha kwanza, yasituwakie, kisha tukashusha yote thelathini na mawili. Kwenye lori palikuwa na rimu mbovu. Nikaisimika pale juu. Lukasi akaniuliza ya nini.

"Alama," nikamwambia. "Siku moja nitasema."

Siku moja!

Didas amekufa. Husseini amekufa. Lukasi sijui. Kiwanda kimeota magugu. Na mimi nikawa mpiga kelele maarufu, nagombana na madiwani, nawaita watu waoga kila mahali... ila lile shimo nililipita kimya. Kama Injinia na dirisha lake. Kama wewe na kidole chako.

Mpaka lilipogusa damu yangu. Ndiyo, nichekeni. Nastahili.

Nilimweleza Biasha yote. Alisikiliza, kisha akasema:

"Bibi, miaka arobaini! Hiyo sumu si imeshaisha?"

Nikamjibu kwa maneno yaliyokuwa kwenye daftari langu. Chenyewe hakiliwi. Kinatoka kama kilivyoingia. Ule udongo hauwezi kukila, mwanangu. Maji yanakionja tu na kupita nacho.

"Bibi jamani... usianze uchochezi wako. Watu wameshapanga siku."

Uchochezi! Kutoka kinywa cha mtoto wa yule mtoto niliyenyamaza kwa ajili yake.

Sikilizeni, kama mnataka funzo ni hili tu: nilidhani nimenunua usalama wa mwanangu kwa kunyamaza, kumbe nilikuwa namchimbia mjukuu kisima.

Mtambo wa kuchimba unapanda Kisarawe Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Bonde la Kwa Kondo. Ukingo mweupe, michirizi mitatu, rimu ya lori.

Usiniandikie "pole bibi." Usiniwekee kopa.

Uliye Kisarawe, nenda leo hii ukakae juu ya ile rimu. Uliyelipia kiwanja pale, usitie jembe wala usinywe mpaka udongo na maji vipimwe. Unayefanya kazi maabara, njoo na chupa zako. Uliye Kibaha, mimi natoka Kwa Mathias Ijumaa alfajiri, na miguu yangu hii mibovu, na nitasimama mbele ya ule mtambo hata kama niko peke yangu.

Mwaka 1983 nililia nikalikataa lile neno. Safari hii nalipokea. Mimi ni mchochezi.

Lakini kichocheo peke yake hakigeuzi kitu. Kinahitaji vitu vilivyotulia.

Ndiyo nyinyi.

Inukeni!