Chombo Kilichopanda Barafu

Barafu iliwafumania mchana kweupe katika Ghuba ya Tazi, kwenye bahari baridi za kaskazini ya mbali. Vipande vikubwa kama viwanja vya kupuria nafaka vilisukumwa na upepo wa kaskazini, vikakizingira chombo cha Yefimu kila upande. Yefimu wala hakutetereka. Chombo alikiunda kwa mikono yake, tumbo la mviringo kama yai, mbao zake zimeshonwa kwa mizizi ya miti.

"Acheni wasiwasi," aliwaambia mkewe Ulyana na shemeji yake Druzhina. "Barafu ikikibana, kitapanda juu chenyewe."

Na kweli kilipanda. Kilikwaruzwa, kikanung'unika, kikanyanyuliwa mzimamzima hadi juu ya rundo la barafu, kisha kikalala ubavu. Mapipa ya samaki yakaporomoka, na moja likatua juu ya mguu wa Druzhina. Mfupa ulivunjika kwa mlio ambao Ulyana aliusikia hadi kwenye meno.

"Kimepanda, shemeji," alisema Druzhina, jasho likimtiririka kwenye baridi ile. "Hongera. Sasa kishushe."

Hakikushuka. Kulipokucha, ghuba nzima ilikuwa imeganda. Ulyana alimfunga kaka yake mguu kwa vipande vya kasia, akayeyusha theluji wapate maji ya kunywa. Mji wa Mangazeya ulikuwa kusini, kwa kufuata mto, na huko ndiko aliko mwunga mifupa. Lakini nani angembeba mtu mwenye mwili mkubwa kama ule? Unyayo ulishaanza kubadilika rangi.

"Vidole vinasikia?" Ulyana aliuliza.

"Vitatu vinasikia. Viwili vimesusa."

"Yefimu, tuchonge sleji ya kumburuta juu ya theluji. Mbao si hizi hapa?"

"Hizo si mbao! Hicho ni chombo!" Yefimu alifoka, akaenda kujificha nyuma ya chombo, upande wa pili wa tezi.

Hapo ndipo alipotokea Yadko, Mnenetsi, mmoja wa wafugaji wenyeji wa nyika ile, na kulungu wake wa theluji wanne wakivuta sleji ndogo ya mtu mmoja. Alimtazama Druzhina, akautazama mguu, akatikisa kichwa.

"Huyu hakai, huyu ni wa kulala. Nipeni mbao ndefu nimtengenezee pa kulala. Tukichelewa, mguu unakatwa. Tukichelewa zaidi, mtamzika."

Ulyana alimnyooshea mumewe kisu.

Yefimu alikata mizizi mwenyewe, mshono baada ya mshono, akilia waziwazi kama mtoto aliyenyang'anywa mkate. Mbao ziliachia moja moja.

"Pole, shemeji," Druzhina alisema, na mara hii hakuwa na utani.

Waliteleza kusini kandokando ya mto, wakila samaki mkavu, Yefimu na Ulyana wakikimbia nyuma ya sleji ili damu isigande. Hatimaye minara ya Mangazeya ikachomoza. Mwunga mifupa aliuvuta mguu, Druzhina akawatukana wote waliomo chumbani, na mguu ukapona. Vile vidole viwili vilivyosusa ndivyo havikurudi.

Nje, Yefimu aliona ajabu. Kila ukuta na kila njia ya mbao ilikuwa na safu za matundu ya mishono. Mji mzima ulikuwa umejengwa kwa mbao za vyombo!

"Ghala hilo lilikuwa chombo changu," alisema mlinzi wa lango, mzee mwenye ndevu zilizoganda. "Nilitoka nacho Kholmogori."

"Barafu ilikibana?"

"Ikakipandisha. Na nilikuwa nimewaambia wenzangu: tulieni, kitapanda chenyewe."

Yefimu alicheka hadi akakaa chini kwenye theluji, na mzee akacheka naye.

Msimu uliofuata, wageni kutoka Bahari Nyeupe walimkuta harusini kwa Druzhina. Wakamuuliza kile chombo chake maarufu kiko wapi. Yefimu alinyoosha kidevu kumwonyesha bwana harusi, aliyekuwa akicheza vibaya mno, akiwakanyaga wenzake kwa miguu yote miwili.

"Kile pale," alisema.