Kibao Kilichofutwa Pichani

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi seremala alifungua karakana ya marehemu baba yake akakuta picha ya ukutani imefutwa mahali pamoja tu: kwenye kibao kilichoonekana juu ya kichwa cha baba. Saa tatu na nusu ilikuwa mezani kwa jirani yake, mtengeneza picha aliyezoeleka kwa jina la Miwani.

"Kibao chenyewe kilishaoza, imebaki picha hii. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini zilikuwepo," seremala alisema. "Baba alinisomea hata kabla sijajua kusoma: 'Baba na Binti'. Jumatatu ukoo unakaa kuamua karakana iuzwe au nibaki nayo. Baba mdogo kasema nimwonyeshe maandishi hayo, basi itabaki yangu."

"Nani alijua unaniletea picha nizikoleze herufi?"

"Niliwaambia jana mchana tukila. Mama, kaka, na yule fundi wetu wa kupaka vanishi."

Miwani aliikagua picha, kisha akaiskani na kuikuza kwenye kompyuta. Misumari minne ya fremu ilikuwa imerudishwa moja moja mahali pake. Karatasi ya picha, pale penye kibao, ilinuka spiriti. Kando ya bega la baba, ufutaji ulikomea kwenye mstari ulionyooka, kana kwamba mtu alimkinga marehemu kwa karatasi. Mharibifu gani ana adabu hivi?

Saa tano alimhoji yule fundi wa vanishi.

"Spiriti ni ya kwako?"

"Yangu, lakini hukaa dirishani, kila mtu anachota kama maji ya mtungi. Jana hata mama kachota kifuniko kimoja, akasema ni cha kusafishia kioo."

Kaka, ambaye ndiye aliyetaka karakana iuzwe, alikuja mwenyewe.

"Mnanishuku mimi? Mwulize dada nani alimhimiza aje kwako. Nataka maandishi yaonekane kuliko anavyotaka yeye."

Hapo Miwani akachanganyikiwa zaidi. Anayetaka kuuza anautafutia nini ushahidi wa asiyetaka?

Alirudi kwenye programu yake ya kuhariri picha. Akaondoa rangi zote akabakiza nyekundu, akakoleza weusi kidogo kidogo. "BABA NA" ikaibuka. Neno la mwisho lilibaki ukungu mtupu. Mkono ulimwasha amalizie "BINTI", akajizuia. Kuchora unachokitarajia ni kosa la wanaoanza kazi. Saa nane kamili herufi nne zilisimama: GOGO.

Akawaita mama na wanawe wawili. Mama alitazama skrini, akatafuta kiti.

"Mama, ni wewe uliyemkinga baba kwa karatasi?" Miwani aliuliza taratibu.

"Kwa bahasha. Spiriti isimguse usoni."

"Gogo si kaka yetu marehemu?" seremala aliuliza.

"Kifungua mimba wangu. Alifariki wewe hujatambaa, na huyu hajajua kuhesabu. Kibao kiliandikwa wiki aliyozaliwa. Baba yako alikusomea uongo, mwanangu, wa mapenzi tu. Nikajua herufi zikirudi, ukoo utakutoa. Zisiposomeka, neno lako litabaki." Akajifuta uso kwa kanga. "Nimemfuta mmoja kwa mkono wangu ili mwingine abaki."

Kaka alicheka kicheko kibaya.

"Mimi alinisomea 'Baba na Kidume'."

"Wewe mwongo," seremala alisema.

"Kila jioni, tukifunga karakana. Unadhani kwa nini nilikuharakisha?"

Kisha seremala akamgeukia Miwani.

"Ungeweza kuandika 'Binti'?"

"Ni kazi ya dakika tano."

Seremala aliangalia zile herufi nne, hasa O ya mwisho, iliyobanwa na ukingo wa ubao kwa sababu baba hakupima nafasi.

"Usiandike. Chapisha ilivyo."

"Na Jumatatu tutamwambia nini baba mdogo?" kaka aliuliza.

"Tutamwambia karakana ina mwenyewe. Anayetaka iuzwe akamwulize Gogo."

Kaka alisimama mlangoni, mgongo umewaelekea, muda mrefu kuliko mtu anayeondoka.

"Miwani," alisema, "chapisha tatu. Mama naye apate yake."