Msimbo wa Upande wa Pili

Kila Jumamosi Bhoke alimsaidia mama yake, Winfrida, kupanga vibuyu vilivyopambwa kwa shanga katika kibanda chao pale Sirari. Kibanda kilivuja vibaya. Mvua ikinyesha, mama na binti walikimbizana na vibuyu kona hadi kona kama wanaofukuza kuku.

Siku moja mteja wa Ujerumani, aliyeviona vibuyu hivyo kwenye kambi ya watalii kule Natta, aliagiza vingi. Malipo yake yangetosha kununua mabati mapya. Aliomba msimbo wa benki ya mama, yaani zile herufi zinazoonyesha fedha kutoka nje zipelekwe benki gani.

"Nenda Tarime ukawaulize benki," mama alimwambia Bhoke, akampa nauli.

Bhoke alipita kwanza kwa mjomba Mniko, mbadilisha pesa. Mjomba aliweka fedha zake ng'ambo ya mpaka, Isebania, katika benki yenye jina lilelile la benki ya mama.

"Mjomba, naomba msimbo wa benki yako. Si benki ni ileile?"

"Chukua tu, hakuna shida," mjomba akajibu bila hata kuinua macho.

Nauli ikaishia kwenye maandazi na soda.

"Nimewauliza benki, mama," Bhoke alisema jioni, akimpa msimbo wa mjomba.

Siku zikapita, fedha hazikuingia. Kisha mteja akaandika kwamba zimemrudia, naye atajaribu mara moja tu tena. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika, na mama akaanza kusema huenda atafunga biashara. Bhoke aliumia sana moyoni.

"Mama, nilikudanganya. Sikufika Tarime. Nilichukua msimbo wa mjomba, nauli nikaila maandazi."

Mama alifunga kibanda. Kisha wakapanda gari pamoja hadi benki, Tarime.

"Shikamoo," Bhoke alimsalimia Regina, mfanyakazi wa benki.

"Marahaba. Hebu ona, herufi hizi mbili ni za nchi. Msimbo wa mjomba wako una KE, yaani Kenya. Wetu una TZ. Fedha zilikwenda Kenya, zikaikosa akaunti ya mama, zikarudi."

"Kumbe fedha zimesafiri, wewe ukabaki unakula maandazi!" mama alisema, wote wakacheka.

Safari hii fedha ziliingia. Mabati yalipokwisha kupigiliwa, mama alimshika Bhoke bega.

"Kukosea msimbo si neno, mwanangu, kosa hurekebishwa. Lakini ungeshikilia kwamba uliwauliza benki, tungelitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa."