Niliulizwa Mbele ya Wifi Yangu

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mmoja, nakaa Ruhuwiko hapa Songea. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi... hata leo sijui kama nina haki ya kulalamika.

Mume wangu alikufa kwa kansa ya koo. Mwishoni hata uji haukupita. Alikuwa ananitazama tu, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Jamani, mwanaume aliyekuwa akibeba magunia ya mahindi shambani kwetu Namtumbo, analia bila sauti!

Dada yake, wifi yangu Skola, nyumba zetu zimepakana. Kila jioni alikuja, tukapiga magoti pembeni ya kitanda, tukasali rozari. Alimpenda kaka yake, hilo silikatai. Hata vyombo alikuwa ananioshea.

Mwaka haujaisha tangu tuzike, wakaja watafiti. Walitaka kuongea na watu waliouguza mpaka mwisho, wajue tunapitia nini. Skola ni balozi wetu wa nyumba kumi, basi akaombwa awaonyeshe nyumba zilizofiwa. Akaniambia, "Wifi, nimeshawaahidi wewe. Usiniangushe."

Ningekataaje?

Akaja binti mmoja mpole. "Shikamoo mama." Akanieleza vizuri kwamba ni hiari, jina langu halitatajwa, naweza kuacha wakati wowote. Lakini Skola alikuwa ameshavuta kiti. "Huyu bila mimi hasemi," akamwambia binti. "Ukimuuliza leo, anakujibu kesho kutwa!" Tukacheka wote.

Binti akasita kidogo, akanigeukia. "Mama, una tatizo dada akikaa hapa?"

Aliniuliza mbele yake! Wasomaji, ninyi mngejibuje? Dada wa marehemu ameshaketi, anakutazama... utasema atoke? Nikasema, "Hana neno, akae tu. Ni mwenzangu."

Mwanzoni niliongea kwa kujichunga. Ila yule binti alijua kusikiliza. Tangu msiba watu walikuwa wananiambia jikaze, jikaze... hakuna aliyenisikiliza! Nikaanza kulia. Akazima mashine yake ya kurekodi, akaniuliza kama tuache. Nikasema tuendelee. Hilo ni lazima niliseme, ni mimi niliyetaka.

Akaniuliza, siku zile za mwisho ulikuwa unaomba nini?

Nilimsahau Skola. Nikasema, "Nilikuwa namwomba Mungu amchukue."

Kiti kikagonga ukuta. Skola alikuwa amesimama. Akatoka...

Asubuhi nikamfuata kwake. Alikuwa uani anachambua maharage, hakuinua uso.

"Kumbe tulikuwa tunavutana," akasema. "Tumeshika rozari wote, mimi namvuta kaka yangu huku, wewe unamvuta kule. Na wewe ndiye uliyesikilizwa."

Nikajaribu kumweleza kwamba nilichoshwa na mateso yake, sikumchoka yeye. Lakini wakati naongea nikajisikia mwenyewe, nikaingiwa na shaka. Ni kweli? Au nilikuwa nimechoka tu kuamka, kufua, kugeuza mgonjwa? Nikikoroga ugali, nikifagia, swali hilo liko nyuma yangu.

Skola hajanisema kwa mtu, hata kwa mama mkwe. Haki yake nampa. Ila kwangu hakanyagi tena. Jumuiya yetu ya sala ikiwa zamu yangu kuipokea, anatuma udhuru.

Yule binti nilimpigia simu. Alisikitika sana, akakiri kwamba angepaswa kuniuliza tukiwa wawili. Akafuta sauti yangu yote. Nashukuru... lakini aliyoyasikia Skola atayafuta nani?

Ndugu zangu, wakija kuwauliza habari za marehemu wenu, msione haya kusema mnataka kukaa peke yenu. Semeni mapema, kabla viti havijavutwa! Na ninyi mnaotumwa kutuuliza, nawasihi, msimpe mfiwa nafasi ya kumkataa ndugu yake huku ndugu mwenyewe anamtazama. Hiyo si nafasi. Atasema ndiyo, kisha mtaondoka, yeye atabaki na majirani zake.

Rozari bado naishika. Ila nikifika mahali pa kutaja ninachoomba, nanyamaza... naogopa nisije nikasikilizwa tena.